Nilipopunguzwa kazini ndipo nilipowatazama upya marafiki zangu

Mwaka 2020 ulipoanza, karibu kila rafiki niliyekuwa naye mjini Arusha alikuwa anaendesha maisha yake kwa utalii kama mimi. Nilikuwa karani wa bukingi katika kampuni moja ya kusafirisha watalii, na watu niliokula nao mchana, niliocheza nao upatu, waliokuja kwenye kipaimara cha mwanangu na waliokaa nami matangani baba alipofariki walikuwa wahasibu, madereva waongozaji, wapishi wa kambi na dada wa mapokezi hotelini. Sikuona ubaya wowote katika hilo. Nilijiona mwenye bahati ya kufanya kazi na watu ninaowapenda. Naandika haya kwa ajili ya wale walio katika hali kama hiyo leo, wawe watu wa utalii, wa mgodi au wa kiwanda kimoja kinacholisha mtaa mzima, kwa sababu urafiki wa namna hiyo una nguvu kubwa, na una udhaifu mmoja usioonekana mpaka siku kazi yenyewe inapoanguka.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na alikuwa hapa hapa Arusha. Kwa wengi hiyo ilikuwa habari ya afya, lakini kwa sisi wa bukingi ilikuwa pia habari ya kazi, ingawa barua pepe za wageni wanaoahirisha safari zilikuwa zimekwisha kuanza kuingia kabla ya hapo. Mwezi Aprili ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa, na hata anga ilipofunguliwa tena tarehe 18 Mei, wageni hawakurudi. Msimu wa Julai hadi Oktoba, ambao kwa kampuni nyingi ndio hulipa mishahara ya mwaka mzima, ulikwisha kabla haujaanza. Baadaye takwimu zilionyesha kwamba watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020, lakini sisi hatukuhitaji kuzisubiri. Ofisini kulikuwa na kalenda kubwa ya ukutani ambayo majina ya wageni na magari waliyopangiwa yaliandikwa kwa penseli, na kwa wiki kadhaa kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuchukua kifutio na kufuta majina, mpaka karatasi ikaanza kuchanika kwenye wiki za mwanzo wa Agosti.

Mishahara ilikuwa nusu kwanza, ikafuata likizo bila malipo, na mwezi Juni tukaitwa kikaoni.

Katika uhasibu alikuwepo mwenzangu mmoja ambaye nitamwita shoga, kwa kuwa ndivyo tulivyoitana miaka yote, kama wanawake marafiki wanavyoitana. Usiku wa kuamkia kikao alinipigia simu na kuniambia maneno machache tu: "Shoga, kesho ukipewa karatasi, isome yote. Usisaini kwamba umelipwa kabla hela haijaingia." Hakuniambia kama jina langu limo kwenye orodha, wala sikumuuliza, kwa sababu kwa kazi yake alilazimika kulijua na kwa kazi hiyo hiyo hakuruhusiwa kulisema. Mpaka leo naiona simu ile kuwa kipimo kizuri cha rafiki wa kazini mwenye akili, maana alinipa kile alichokuwa na haki ya kunipa na akabaki na kile ambacho hakikuwa chake.

Kikao chenyewe kilikuwa kifupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya kusudio hilo mapema, aeleze sababu, na ajadiliane nao au na chama chao kuhusu njia za kuepuka hatua hiyo na vigezo vya kuchagua wanaoondoka. Kwetu majadiliano yalikuwa dakika za kusomewa majina yaliyokwisha kuchapwa. Kila aliyetajwa aliwekewa barua mbili: ya kuachishwa kazi, na ya pili ya kukiri kwamba amelipwa haki zake zote na hana dai lolote. Wenzangu wengi walisaini zote mbili papo hapo, wengine kwa mshtuko na wengine kwa kuona aibu kuonekana wakorofi mbele ya bosi waliyekula naye Krismasi. Mimi nilisaini kupokea ile ya kwanza tu, nikaandika tarehe kando ya jina langu, na ile ya pili nikaomba kwenda nayo nyumbani.

Niliposoma kwa utulivu niligundua kwamba miaka yangu ya kazi ilihesabiwa kuanzia tarehe ya mkataba wa maandishi, ilhali nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili kabla ya mkataba huo kutolewa. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28 au malipo yake, na kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku zisizopungua saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Ukiongeza likizo ambazo hujachukua, miaka miwili si kitu cha kuachia. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali ndani ya siku 30 tu, na ukichelewa inakubidi uombe kwanza kuongezewa muda na utoe sababu za kuridhisha. Dereva mmoja wetu, kijana mpole sana, alipoteza nafasi hiyo kwa kuamini ahadi ya mdomo kwamba wageni wakirudi atakuwa wa kwanza kuitwa. Ahadi yenyewe huenda ilitolewa kwa nia njema, lakini siku 30 zilikwisha kabla mgeni hata mmoja hajarudi.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lililonichoma kuliko kupoteza kazi. Nilimwomba shoga anitolee nakala za orodha za mishahara za ile miaka miwili. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Usiniombe hilo. Nikifanya hivyo tutakuwa wawili tusio na kazi, na mimi nitakuwa mwizi." Niliikata simu bila kuaga. Kwa siku nyingi nilimwona mnafiki, na nikawaambia hivyo watu wawili watatu ambao hawakuhitaji kuambiwa.

Ukweli ni kwamba nilichokihitaji hakikuwa kwenye kabati lake. Mshahara wangu wa miaka ile ulipitia benki, na taarifa ya akaunti niliyoiomba kwa ada ndogo ilionyesha kila mwezi jina la kampuni. Aliyenikumbusha hilo alikuwa mzee mmoja dereva, aliyepunguzwa siku moja na mimi, ambaye pia alikuwa tayari kusimama na kusema kwamba aliniona pale dawatini tangu siku ya kwanza, maana yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kusoma orodha ya mageti ya hifadhi. Mama au mume wangu asingeweza kunifanyia hilo hata angenipenda vipi, kwa kuwa rafiki wa kazini ni shahidi wa kazi yako. Anajua ulianza lini, ulibaki ofisini mpaka saa ngapi, nani alikutuma na ulimaliza vipi. Karatasi ikisema vinginevyo, yeye ndiye anayejua ilivyokuwa. Ila shahidi ambaye bado anakula kwa mwajiri yule yule hana uhuru alionao yule aliyeondoka, na kumlazimisha achague kati yako na mshahara wa wanawe ni kumwonea. Kama una dai, shahidi wako atafutwe kwanza miongoni mwa walioondoka, na nyaraka za mwajiri ziombwe kwa barua yenye tarehe, iliyogongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Shauri langu liliishia kwenye usuluhishi, na ile miaka miwili ikahesabiwa. Sitasema kiasi, ila kilitosha kodi ya nyumba ya miezi kadhaa na ada ya muhula mmoja, na hakikutosha kuziba pengo la mshahara.

Kuhusu NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, nitasema kwa ufupi, kwa sababu ni jambo linalowaumiza wengi bila sababu. Mchango kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hapaswi kukatwa zaidi ya asilimia 10, lakini kukatwa kwenye hati ya mshahara si ushahidi kwamba fedha zimefika kwenye Mfuko. Kwa miaka mingi shoga alikuwa akitusumbua kila mara tuangalie michango yetu, nasi tukimtania kwamba anatutafutia ugomvi na mabosi. Nilipokwenda kuomba fao la kukosa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, nilikuta miezi kadhaa ya mwisho haimo. Kulifuatilia hilo kulichelewesha malipo wakati ambao nilikuwa nanunua unga kwa kilo moja moja. Rafiki anayekusumbua kwa jambo la namna hiyo msikilize siku hiyo hiyo.

Jioni ya siku ile ya kikao tuliondolewa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, mmoja baada ya mwingine, bila neno. Waliobaki walitukwepa, nasi tukawakwepa. Wao waliona aibu kwamba bado wana kazi, tena wakihofia kuonekana karibu na watu waliokwenda kulalamika Tume. Sisi tuliona kila salamu yao ni huruma. Nilikuja kujua baadaye kwamba shoga alikuwa akilipwa nusu mshahara kwa kazi ya watu watatu, na kwamba alikuwa akilia chooni. Laiti mmoja wetu angepiga simu mapema. Kwa anayebaki kazini wenzake wakiondoka, ushauri wangu ni huu: piga simu wiki ile ile, usizungumzie kampuni, uliza habari za watoto, na kama huna cha kutoa usiahidi. Kwa aliyeondoka, pokea hiyo simu.

Sasa ule udhaifu nilioutaja mwanzoni. Tulipoanguka tulianguka wote. Upatu wetu ulivunjika katika mzunguko wa tatu, kwa sababu wote tuliochangia tulikuwa tumekatwa mshahara mwezi mmoja. Mtu niliyemkimbilia anikopeshe alikuwa njiani anakuja kunikopa mimi. Watu hupenda kusema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi nilikuwa nikiisema methali hiyo kama kila mtu, lakini mwaka ule niliiona ina ukatili ndani yake: inamhukumu aliyeshindwa kukufaa bila kuuliza kama naye yumo katika dhiki hiyo hiyo. Marafiki zangu wa utalii hawakunitupa, bali hawakuwa na kitu. Wengine walikaa nami kibarazani tukanywa chai ya rangi bila sukari, na hilo nililihesabu kuwa msaada, ingawa halikulipa kodi.

Aliyeweza kunishika mkono alikuwa rafiki wa nje kabisa ya kazi yetu, tuliyesoma naye sekondari, mfanyabiashara wa mboga na matunda katika soko la Tengeru. Kwa miaka mingi tulikuwa tukionana misibani na kwenye harusi tu. Alisikia habari zangu kanisani, akaja nyumbani na mkungu wa ndizi, na hakunipa fedha. Alisema, "Mimi hela ya kukupa sina, kazi ninayo. Jumatano na Jumamosi njoo sokoni." Nilikwenda kwa shingo upande. Mwanamke aliyezoea kuongea na wageni wa Munich na Boston kuhusu mahema ya Serengeti alijikuta saa kumi na moja alfajiri amesimama kwenye matope akigombania parachichi na wachuuzi, na wiki ya kwanza nilivaa ushungi mpaka usoni nisitambulike.

Baada ya muda niliona kwamba kazi yangu ya zamani haikuwa imepotea. Bukingi ni kazi ya kujua nani anataka nini, lini, kwa bei gani, na kuhakikisha kinamfika. Nilianza kuchukua oda kwa WhatsApp kutoka kwa familia za Njiro na Sakina, nazifungasha sokoni, na yule mzee dereva anazipeleka kwa Noah yake. Mtaji wangu ulikuwa shilingi 150,000, uliobaki ulikuwa wa rafiki yangu, na gari lilikuwa la mzee.

Biashara kati ya marafiki inahitaji maandishi kuliko biashara kati ya wageni, kwa sababu wageni hudaiana bila haya, ilhali marafiki hunyamaza mpaka moyo unajaa. Tulinunua kaunta buku, tukaigawa kurasa kwa mistari ya kalamu nyekundu: upande wa kushoto mtaji wa kila mmoja, katikati matumizi ya siku, kulia faida na mgawo wake, na chini ya kila ukurasa wa Jumamosi tunasaini watatu, mzee akisaini kwa herufi kubwa kubwa kama anaandikia bango. Tulijiona tumemaliza kila kitu. Kisha yakaja matenga ya nyanya kutoka Ngarenanyuki.

Mzigo ulinunuliwa ukiwa umeiva mno, gari likakwama njiani kwa sababu ya mvua, na nyanya zilipofika nusu yake zilikuwa zinachuruzika. Nani alipe? Mnunuzi alisema gari lilichelewa. Mwenye gari alisema nyanya za namna ile hazikupaswa kupakiwa. Mimi nilisema wateja wameshalipa na lazima warudishiwe. Kila mmoja alikuwa na hoja, na kaunta buku yetu nzuri haikuwa na hata mstari mmoja wa hasara. Tulikaa karibu wiki mbili tukisalimiana kwa ukali wa adabu, "Habari ya asubuhi", "Nzuri, tunamshukuru Mungu", huku kila mtu akimlalamikia mwenzi wake nyumbani. Mwishowe mzee, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, alituita kwake, mkewe akatuandalia makande, na baada ya kula akafungua kitabu ukurasa mpya na kutuambia kwamba hakuna anayetoka mpaka tuandike hasara inagawanywaje. Tuliandika kwamba hasara ya njiani inabebwa na wote kwa kadiri ya mtaji, hasara ya kununua vibaya inabebwa nusu na mnunuzi na nusu na wote, na mwenye gari habebi hasara ila hukosa nauli ya safari hiyo. Si kanuni za kitaalamu, lakini zilitutosha. Kama nawe unataka kuanza jambo na rafiki, andikeni hasara kwanza, mkiwa bado mnacheka. Faida haina taabu kugawanywa.

Katika miezi ile ile nilipata kishawishi cha kuchukua mkopo wa riba kubwa, ule uitwao kausha damu, ili nilipe kodi, na fomu zilikuwa tayari zimejazwa. Aliyenizuia alikuwa shoga. Tulikutana kwa bahati soko la Kilombero, tukasimama tukitazamana, kisha akaniuliza kama bado nimekasirika, nikamjibu kwamba hasira imekwisha ila aibu ingalipo. Tulikaa kwenye kibanda cha chai. Nilipomweleza habari za mkopo aliomba kalamu, akanipigia hesabu ya riba ya wiki nyuma ya karatasi ya sukari, na jibu lilipotoka hakusema neno, aliisogeza karatasi upande wangu. Nilikwenda kumwomba mwenye nyumba anivumilie badala yake, na alikubali kupokea kidogo kidogo.

Kuhusu kukopeshana marafiki, nimebaki na msimamo ambao wengine huuona mkali. Ninampa rafiki kiasi ambacho kisiporudi sitamchukia, na nikishatoa sikumbushii. Kikizidi hapo, tunaandikiana tarehe mbele ya mtu wa tatu, na anayechukia kuandikiana namwambia kwamba mimi nachukia zaidi kumpoteza.

Utalii ulirudi. Mwaka 2022 wageni walioingia nchini walikaribia tena milioni 1.5, na ofisi za Arusha zikaanza kutafuta watu zilizowatawanya. Niliajiriwa na kampuni nyingine, na kabla ya kuripoti tulikaa watatu na kaunta buku, tukahesabu mtaji, matenga, mizani na madeni ya wateja, na rafiki yangu wa Tengeru akanunua sehemu yangu kwa awamu. Alizimaliza zote Desemba. Sikurudi kuwa mtu wa duara moja: Jumamosi ambazo sina zamu bado nakwenda sokoni, wakati mwingine kununua na wakati mwingine kuketi tu kwenye gunia na kusikiliza habari za watu ambao hawajui Ngorongoro inalipiwa shilingi ngapi. Shoga naye aliacha kazi ile mwaka uliofuata kwa hiari yake. Nilimtambulisha kwa rafiki yangu wa sokoni, ambaye sasa ana vijana wanne wa kupeleka oda na hesabu zilizomshinda, na shoga ndiye anayemfungia vitabu kila mwisho wa mwezi, kwa malipo waliyokubaliana wao wawili bila mimi kuwepo.